Kopo la Tatu

Baba yangu alizaliwa njiani. Bibi yangu alikuwa akifuata msafara uliotoka Ujiji, mumewe akiwa amebeba pembe za watu wengine, uchungu ukamshika kabla hawajafika Urambo. Msafara haukusimama, walisimama wao wawili. Mama yangu alizaliwa Sikonge, kwa watu wa mizinga ya nyuki. Majina yao umekwisha kuyaandika katika daftari la ukoo, na hapa hayana kazi. Mimi nilizaliwa Tabora mjini, katika nyumba hii hii ya mtaa wa Cheyo, na sikusomeshwa. Kisomo cha watu wazima kilipokuja, nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto huyo ni wewe, mjukuu wangu, unayeandika. Kwa hiyo andika ninavyosema, wala usinipambe.

Juzi uliniuliza kwa nini nikiwakuta watu wanatazama sinema mimi huondoka bila kuaga. Nitakujibu mara moja tu.

Jirani yetu wa upande wa kibla alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Tabora kama mimi. Alinunua mashine ya sinema miaka ya mwanzo ya Uhuru, biashara ilipokuwa biashara. Baada ya Azimio akaiogopa, akaifunika kwa turubai ghalani, maana siku zile mtu hakutaka aonekane ana kitu. Baadaye vitambaa vyenyewe vikaadimika. Mwenye duka anayekaa mbele ya rafu tupu hutafuta la kufanya, naye akaifunua mashine yake. Ukuta wa kuonyeshea hakuwa nao, kwa kuwa uani kwake kulijaa makasha. Uani kwangu palikuwa na ukuta mrefu nilioupaka chokaa kwa mkono wangu kila Ramadhani ilipokaribia. Akaja na mama yake kuniomba, nikakubali kwa masharti: watazamaji wawe wanawake wa mtaa tu, mwanamume awe yeye peke yake wa kuendesha mashine, na mambo yaanze baada ya magharibi yaishe mapema. Waya wa umeme ukapitishwa juu ya ukuta kutoka kwake.

Sinema zilimjia kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya makopo bapa ya bati, nyingine mawili, nyingine matatu. Mama yake, bibi kizee aliyekuwa mjane tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Alikaa mbele kabisa, amevaa sari nyeupe, akitueleza kwa sauti ya kuita kuku nani amesema nini.

Sikuzipenda, na sababu zangu nitazitaja. Katika sinema za Wazungu wenye farasi, mtu huingia nyumba ya mwenzake bila hodi, hutoka bila kuaga, na kofia iko kichwani muda wote. Sikumsikia hata mmoja akimuuliza mwingine habari za nyumbani. Wanaume wazima wanashinda kilabuni mchana kutwa, na shamba lao halionekani nani analilima. Wakiuana, maiti anaachwa vumbini, nasi tunapelekwa kutazama farasi. Hakuna anayekwenda kuazima jembe. Nilimwambia mfasiri wetu, "Hawa watu hawana jirani." Akanijibu, "Wana bastola, dada. Jirani wa nini?"

Za Kihindi zilikuwa na adabu zaidi, lakini zilikuwa na uongo mwingi zaidi. Mvua inanyesha na mwanamke anaimba. Nguo zimemganda mwilini, vitu vimeanikwa nje, naye haanui hata kimoja. Wanalia bila makamasi, wanja hautoki. Ikaja mara moja sinema ya Misri, na ndani yake watu walizungumza kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho, wengine wakiwa wamelala kitandani mchana. Nilisinzia.

Lakini kilichonichukiza kuliko vyote ni wafu wao. Wewe wajua kazi yangu. Nimeosha maiti wa kike wa mtaa huu tangu kabla mama yako hajazaliwa. Mfu wa sinema hufumba macho, hulaza kichwa upande, akawa mzuri kuliko alivyokuwa hai. Mfu wa kweli hafanani na mtu aliyelala. Aliyelala yuko ndani ya uso wake. Mfu hayumo. Nilisema hivyo mbele ya wanawake wote, na mama yako alikuwapo, akacheka, akasema, "Mama anataka kuosha hata wa ukutani."

Mama yako alikuwa mtoto wangu wa pekee aliyekua. Wengine watatu niliwazika. Alisoma hadi darasa la nne, akaolewa na baba yako, dereva wa lori, mtu mrefu ambaye alipoingia chumba hiki aliinamisha kichwa mlangoni. Wakati ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na lori lake lilibeba vitanda, mitungi, kuku, na milango ya nyumba iliyong'olewa ili ikafungwe kwenye nyumba mpya. Aliondoka siku moja ya masika kuelekea Sikonge na mbele yake, Inyonga. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minne.

Baada ya siku tisa alikuja utingo wake, ambaye safari ile hakuwamo kwa sababu ya homa. Alikuwa amefuatilia habari huko, akarudi nayo. Nilimkuta barazani amekaa chini, si kwenye kiti. Alinipa kiatu kimoja cha baba yako. Alisema lori liliingia korongoni karibu na kijiji kipya cha upande wa Inyonga, likashika moto. Wanakijiji walimtoa mtu mmoja, wakamzika siku ile ile. Nikamuuliza kama walimtambua. Akasema, "Mama, uso haukuwa uso." Kisha akasema jambo jingine: kwamba huko nyuma njiani baba yako alikuwa amempa nafasi msafiri mmoja, akaketi naye mbele, na huyo msafiri hakuonekana tena, akiwa hai wala akiwa maiti.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Halafu nikamwambia utingo, "Hayo mawili umeniambia mimi. Huko ndani hutayasema." Nikamwita mama yako. Nikamwambia mumewe amefariki, amezikwa na Waislamu wenzake, wameuona uso wake, alikuwa kama amelala.

Ndiyo. Mimi nilisema hivyo. Yaandike.

Akaingia eda. Eda ya mjane mwenye mimba huisha siku anayojifungua, kwa hiyo alikuwa na miezi mitano ya kukaa ndani, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Hakulia sana. Kilichonitisha ni kwamba aliacha kula. Nilimpikia ugali na mlenda, nikampikia uji wa ulezi, nikamtafutia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo tangu utotoni hakuwahi kuvikataa. Alimega kimoja, akakirudisha. Mimba ilikuwa inakua na mwenye mimba anapungua. Wanawake wenzangu walikuja kumwangalia, wakatoka wakininong'oneza mambo ambayo nilikwisha kuyajua.

Mashine ilikuwa imenyamaza kwa sababu ya msiba. Mama yake mwenye duka ndiye aliyenishauri. Alisema, "Dada, mrudishie sauti za watu. Mimi nilipofiwa walinifungia chumbani na ukimya. Ukimya ule sijatoka ndani yake mpaka leo." Nikasema eda inakataza wanaume. Akasema, "Wa ukutani nao?"

Swali lilinipita kimo, nikaenda kwa mwalimu wa madrasa. Nilimkuta anachonga kalamu za mwanzi. Nikampa salamu, nikamweleza.

"Hao wanaume," akauliza, "wanamwona binti yako?"

"Hawamwoni, mwalimu. Ni picha."

"Na yeye anawaona?"

"Anawaona."

"Wana sura nzuri?"

"Wamejipaka poda."

Akachonga kidogo. "Basi mwekee pazia mlangoni, asikilize. Akichungulia, hilo ni lake na Mola wake. Nawe acha kuniletea maswali ya mashine; vitabu vyangu ni vikongwe kuliko mashine hiyo."

Nikatundika pazia kwenye mlango wa chumba chake, unaoelekea uani. Mwenye duka alikaa na mashine, mgongo wake umeelekea chumba. Sinema ya kwanza aliyoileta ilikuwa ya Kihindi, ya makopo matatu. Habari yake ilikuwa hii. Mume anakwenda kazini mbali. Daraja linavunjika, barua inakuja kwamba amekufa. Mke anavunja bangili zake, anavaa nyeupe, wakwe wanamnyanyasa, kisha anaimba. Katika kopo la tatu mlango unafunguliwa na mume anaingia, mzima, ana ndevu. Mama mzazi hamtambui, mbwa hamtambui, mke anamtambua kwa kikohozi.

Niliona ni upuuzi. Mtu aliyetoka mtoni na mifupa yake yote, asiandike barua muda wote huo? Lakini siku ile, wageni walipoondoka, mama yako alitoka nyuma ya pazia, akaomba chakula. Alikula sahani nzima. Alikwangua chungu.

Nilishukuru, na sikuuliza. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwomba asiirudishe sinema ile kwa treni mpaka nimwambie, naye akaandika barua ya visingizio kwa wenyewe. Akaionyesha tena wiki ile ile, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wanawake walichoka. Mmoja wao, mwenye ulimi mkali, alisema, "Huyu bwana akivunjikiwa na daraja mara moja tena, mimi naenda kulijenga." Lakini walikuja, kwa ajili ya mama yako. Kila siku ya sinema alikula. Mashavu yalimrudi. Wewe ulianza kucheza tumboni.

Mchana mmoja niliingia chumbani kwake nikamkuta anashona suruali ya baba yako. Alikuwa anaipunguza kiuno.

"Unamshonea nani?" nikamuuliza.

"Mwenyewe," akasema. "Atakuwa amekonda."

Nilikaa kitandani. Akaendelea kushona, akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Mama, waliomzika hawakumjua akiwa hai. Nilikuwa nafikiri hivyo toka mwanzo, nikaogopa kusema. Kumbe hutokea. Hutokea kila mahali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anakula chakula changu. Alikuwa anakula kopo la tatu.

Mtu aliyesoma huenda angefanya jambo jingine. Mimi nilifanya lililonijia. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwambia safari hii aonyeshe makopo mawili, kisha aseme imekwisha. Niliwaza kwamba mama yako akiuona mwisho ule wa kopo la pili, mke amekaa na nguo nyeupe na mlango umefungwa, atajifunza kwa jicho kile alichokataa kujifunza kwa sikio. Niliwaza ukuta ule umemdanganya, basi ukuta ule ule umwambie kweli. Mwenye duka hakupenda. Alisema, "Mama, wote wanaijua kwa moyo." Nikamwambia wao si mgonjwa wangu.

Ikaonyeshwa. Kopo la pili likaisha, mke akiwa amekaa kizingitini. Mwenye duka akawasha taa, akasema bila kumtazama mtu, "Imekwisha."

"Imekwishaje?" akasema yule mwenye ulimi. "Mwanamke wa watu bado analia. Leo umetukatia kanga upande mmoja."

Wengine wakacheka. Sauti ya mama yako ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa.

"Kopo la tatu liko wapi?"

Mwenye duka hakujua kusema uongo wa pili. Alinitazama mimi. Wanawake wote wakanitazama mimi. Pazia halikuwa na tundu, lakini najua kwamba mama yako naye alijua wanamtazama nani.

Asubuhi yake alinisubiri hadi nilipomaliza kuswali.

"Mama," akasema, "yule utingo ulizungumza naye peke yako barazani kabla hujaniita. Alisema nini?"

"Alisema niliyokuambia."

"Kwamba alikuwa kama amelala."

"Ndiyo."

"Wewe unaosha maiti. Tangu nizaliwe sijakusikia ukirudi nyumbani ukasema maiti alikuwa kama amelala. Hayo ni maneno ya sinema, mama."

Ningeweza kumwambia yote saa ile. Nilitazama tumbo lake, nikanyamaza, na ukimya wangu ukawa jibu ambalo sikulikusudia. Tangu siku hiyo hakuniamini tena hata nilipomwambia maji yamechemka. Alikuwa akija kuyaangalia mwenyewe. Kula alikula, kwa bidii, kama mtu anayejaza gunia la safari.

Ulizaliwa kiangazi. Eda ikaisha nawe. Nilimwosha kwa maji ya moto siku arobaini kama tufanyavyo, na katika siku hizo zote hatukuzungumza lolote ila habari za maziwa na nepi. Siku ya arobaini alifunga kitambaa kichwani, akakuweka mapajani pangu, akaniambia kuna lori linakwenda Inyonga kupeleka mabati.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia uso haukutambulika. Nilimwambia habari za msafiri aliyepewa nafasi. Nilidhani kweli, hata ikichelewa, ina nguvu ya kumzuia mtu mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Halafu akasema, "Kwa hiyo si yeye." Akasema tena, "Na ulijua." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Baada ya wiki tatu dereva mmoja aliniletea kipande cha karatasi ya daftari. Mwenye duka alinisomea: Kaburi ni fupi, mama. Nakwenda mbele.

Mbele ya Inyonga kuna Mpanda, na mbele ya Mpanda kuna ziwa, na mbele ya ziwa kuna nchi za watu. Sijapata karatasi nyingine.

Ulipoweza kukaa bila kuegemezwa, nilikufunga mgongoni nikaenda mimi mwenyewe. Siku tatu njiani, juu ya magunia. Wanakijiji walinionyesha kaburi. Walikuwa watu wa heshima, walitupa maji na asali. Nilivua kanga yangu nikalipima. Mvua ilikuwa imekwisha kulibomoa upande wa miguuni, na nyasi zimeota hadi kwenye kifusi. Kwa kipimo kimoja lilikuwa la mtu wa kawaida. Kwa kipimo kingine, ukihesabu palipobomoka, lingeweza kuwa la mtu mrefu. Nimeingiza wengi kaburini, na mbele ya kaburi lile sikujua kitu. Walionizunguka walisubiri niseme, nikasema, "Ni yeye," kwa kuwa walistahili jibu. Nikasoma Fatiha. Mpaka leo kuna siku naamini nilimsomea baba yako, na kuna siku naamini nilimsomea mgeni, na kwamba mama yako alimkuta mumewe mahali fulani mbali, wakakubaliana wasirudi kwa mwanamke muongo. Siku hizo za pili ndizo mbaya zaidi, kwa sababu ndizo ninazoziombea.

Mwenye duka alihama na mashine yake, mama yake akafa kabla ya safari. Si desturi yao tuwaoshe sisi, lakini waliniacha niingie nimtazame. Watu wanasema sinema ni za kupitisha muda. Mimi nasema zinafundisha, na somo lao ni moja: kwamba aliyeondoka yuko nyuma ya mlango. Wanaozitengeneza wamekaa mbali, hawajui nani anawatazama, wala ana nini tumboni. Siwasamehe. Lakini siwatwiki mzigo wangu. Lile la barazani lilikuwa kinywa changu.

Sasa sikiliza ya kutunza. Tunza kile kipande cha karatasi ya daftari, kimo ndani ya msahafu. Tunza njia ya kwenda kaburini: ukitoka Sikonge uombe barabara ya Inyonga, na ukifika kijijini uliza korongo la lori, bado wanaliita hivyo. Suruali usiitunze, mpe mwenye haja. Nitakapokufa, usikubali nizikwe kabla hujanifunua uso ukanitazama, hata wakikuharakisha. Na mtu akikuuliza nilikuwaje, usiseme nilikuwa kama nimelala. Sema ulichokiona.

Na mama yako akija baada yangu, mpe kwanza maji ya kuoga na chakula. Usimsimulie haya kwa mdomo wako, maana utataka kumhurumia. Mpe karatasi hizi azisome mwenyewe, anajua kusoma. Zifunge katika kitambaa kilichopakwa nta, uzitundike juu, kwa sababu mchwa wa nyumba hii hupanda kutoka sakafuni.